Shamba la Ghorofa ya Nne

Aloys Ndolo aliapa kwamba hatabebwa tena kwenye zile ngazi ila siku ya kupelekwa kaburini. Aliapa siku ileile aliyorudishwa kutoka hospitalini bila mguu wa kushoto, na mkewe Kamanthe, aliyemsikia kwa masikio yake, alidhani ni uchungu tu unaosema, na kwamba utapita. Haukupita.

Kisa chenyewe kilikuwa hivi. Aloys alikuwa dereva wa lori tangu ujana wake, mtu mkubwa wa sauti kubwa, ambaye akiteremka kituo cha mafuta kila mtu anajua Aloys amefika. Kisha ugonjwa wa sukari ukamla mguu polepole, kidole kwanza, halafu wayo, mpaka madaktari wakaukata chini ya goti. Siku ya kurudi nyumbani, wanaume wanne walimkalisha kwenye kiti cha plastiki wakakinyanyua kama watu wanaohamisha kabati. Ngazi za jengo lile ni nyembamba, na zina giza hata jua likiwa utosini. Kati ya ghorofa ya pili na ya tatu mmoja wao aliteleza, kiti kikainama, na Aloys akaziona ngazi zote zikimjia usoni. Hakuanguka. Walimshika. Lakini kwa ile hofu mkojo ulimtoka, ukapita kwenye kiti, ukamdondokea mtu aliyekuwa chini yake. Na milango ilikuwa wazi, na majirani walikuwa wamesimama wakisema pole, pole mzee.

Tangu hapo hakushuka.

Mlango wao haukuwa na kufuli mchana. Hakuna aliyemfungia. Angeweza kukishika kitasa wakati wowote akaufungua, na mara mojamoja alifanya hivyo. Alijikokota kwa magongo yake mpaka pale ngazi zinapoanza, akatazama chini lile giza, akarudi. Hospitali walitaka aende kila mwezi wamtazame mguu uliobaki, tena wampime apewe mguu wa bandia. Akasema wiki ijayo. Wiki ijayo ikifika, anasema tumbo linamsumbua. Mwishowe Kamanthe akawa anaenda peke yake kumchukulia dawa, akitoka huko anapitia sokoni kufungua meza yake ya matunda, na jioni anapanda ngazi na mabaki ya siku kwenye kikapu.

Kuhama pia lilikuwa neno gumu. Nyumba za chini zote zilikuwa maduka, na za ghorofa ya kwanza, mtu akiingia, hatoki mpaka azeeke. Kwao Katelembo ndugu yake Nzomo alishamwambia kuna chumba. Lakini ili ufike Katelembo ni lazima kwanza ushuke.

Basi Aloys akabaki kule juu, kwenye sebule, chumba cha kulala, jiko la kugeuka ubavu, na roshani iliyotazama vilima vya Iveti. Asubuhi alisikia magari yakiitisha abiria wa Nairobi, akayajua kwa mlio wa injini ni ya aina gani na yana ugonjwa gani. Mchana alisinzia. Jioni alimgombeza Kamanthe kwa sababu chai imepoa.

Mti wa kwanza uliletwa na binti yao, Wavinya, anayefanya kazi Athi River. Ulikuwa mlimau mchanga uliopandikizwa, umefika kiunoni, umo ndani ya ndoo nyeupe ya rangi iliyotobolewa matundu chini.

"Mti kwa ndoo?" Aloys aliuangalia kama mtu aliyetukanwa. "Mimi nilikuwa nabeba lori nzima ya machungwa mpaka Mombasa. Sasa unaniletea mti moja kwa ndoo?"

"Utamwagilia tu maji, baba. Si kazi kubwa."

"Mwagilia wewe."

Wavinya akauweka roshani akaenda zake. Aloys akauacha hapo. Ulikuwa mwezi wa Februari, joto la kuchoma bati, na majani yakaanza kujikunja kama vidole vya mtu mwenye baridi. Alasiri moja alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha roshani, hana la kufanya, akaliona jani moja likianguka. Hakukuwa na upepo. Likaanguka tu lenyewe, likafuatwa na jingine. Jambo hilo lilimkera, hakujua kwa nini. Akauchukua mkebe wa maji yake ya kunywa akaumiminia. Asubuhi yake akajikokota kwenda kutazama, na aliyoyaona yakamfanya akae hapo mpaka jua lilipomfukuza: majani yalikuwa yamefunguka.

Hivyo ndivyo ilivyoanza. Kufikia mvua za Novemba alikuwa amemtuma Kamanthe ndoo kuukuu kwa mafundi wa rangi, na Nzomo alikuwa ameleta udongo wa Katelembo kwenye magunia. Alijifunza kutoboa ndoo kwa msumari uliopashwa moto, kutandaza kokoto chini ili maji yasituame, na kuchomeka kidole udongoni kabla ya kumwagilia, maana juu panaweza kukauka hali chini ni tope. Mengine aliyasikia kwenye redio ya Kikamba, mengine aliyajua baada ya kuua miche. Mpapai wa kwanza aliuzamisha kwa maji. Mchungwa mmoja ulizaa maua hadi nyumba nzima ikanukia, kisha vitunda vyake, vidogo kama mbaazi, vikadondoka vyote kwa sababu mifereji ilikauka wiki nzima na yeye akaupunguzia maji kwa kuihurumia mingine. Alikaa siku hiyo bila kula.

Lakini mingine ilishika. Mlimau wa Wavinya ulizaa malimau ambayo Kamanthe aliyauza sokoni akiwaambia wateja yametoka kwa shamba la mzee wake, bila kutaja shamba lenyewe liko wapi. Kulikuwa na mpera, mkomamanga, na mparachichi uliosimama ndani ya pipa la plastiki lililokatwa nusu. Roshani ikajaa, ikabaki njia ya upana wa makalio ya Aloys, naye alipita hapo kwa kusota, akisukuma ndoo moja, akivuta nyingine ipate jua.

Aliyemletea samadi alikuwa Mustaf, mchuuzi wa mbuzi aliyekaa na mkewe Hafso ghorofa ya pili. Mustaf alileta mifugo kutoka pande za Garissa akipitia Kithimani, na barabara hiyo Aloys aliijua kona kwa kona. Mara ya kwanza alipanda kwa ajili ya kuona tu, kwa sababu Hafso alikuwa amesikia kwamba kuna mzee anafuga miti kule juu. Alisimama mlangoni pa roshani, kofia mkononi.

"Wallahi, mzee," alisema, "wewe ni kama mtu wa kwetu. Mtu wa kwetu akiona maji kidogo, anaweka mbuzi. Wewe unaweka mti."

Kuanzia hapo alikuja kila alipokuwa mjini, na mfuko wa samadi iliyokauka vizuri, wakakaa wakizungumza habari za daraja lililosombwa na maji na za madereva waliokwisha kufa. Hakumwuliza Aloys hata siku moja kwa nini hashuki. Kwa hilo Aloys alimpenda.

Sasa, kuna jambo ambalo Aloys hakumwambia mtu. Lile pipa la mparachichi lilikuwa pana, na udongo wake ulikuwa mwekundu kama wa nyumbani. Mchana, Kamanthe akiwa sokoni, Aloys alikuwa akivua kiatu na soksi ya mguu wake uliobaki, akausimamisha wayo juu ya ule udongo. Mguu huo nao ulikuwa umeanza kufa ganzi. Hospitali walishamwonya asitembee bila kiatu hata chumbani. Lakini udongo uliomwagiliwa maji ulikuwa na ubaridi, na ubaridi huo ulimfikia kwa mbali, kama sauti ya mtu anayekuita kutoka ng'ambo ya mto. Alikaa hivyo akitazama vilima. Alikuwa mtu aliyekanyaga ardhi.

Siku moja alikuwa amepogoa mlimau. Vijiti vilivyokatwa alivirundika kando avifagie baadaye, na miiba ya mlimau ni mirefu, migumu kama sindano ya kushonea magunia. Alivua kiatu, akakaa na mguu wake pipani, akasinzia kidogo. Alipoamka akasota kurudi ndani. Alikuwa amefika katikati ya sebule alipogeuka akaona alama kwenye sakafu. Doa jekundu, kisha jingine, toka roshani mpaka alipokuwa.

Akauinua wayo akautazama. Mwiba ulikuwa umezama chini ya kidole kidogo, umekatikia ndani, na yeye hakuhisi chochote. Hilo ndilo lililomtia baridi, kuliko damu. Aliuchokoa kwa wembe, akaosha kwa maji ya chumvi, akafunga kitambaa, akavaa soksi. Akafuta sakafu kwa magoti. Kamanthe aliporudi alimkuta amenyamaza, akashukuru kwamba leo hakuna ugomvi.

Angesema siku hiyo, pengine mambo yangeishia kwa sindano na bendeji. Lakini kusema ni kupelekwa hospitali, na kupelekwa hospitali ni kushuka. Akajiambia, kidonda ni kidogo. Akajiambia, kesho kitakuwa kimefunga. Alikibadilishia kitambaa Kamanthe akitoka, na kila alipofungua alijikaza kutazama, kisha akajikaza kutotazama. Ngozi iligeuka kijivu. Kidole kidogo kikavimba, cha pili yake kikafuata. Ikaja harufu.

"Baba Wavinya," Kamanthe alisema jioni moja akikunja pua, "hii mbolea ya Mustaf siku hizi inanuka aje hivi?"

Aloys alikuwa kwenye kochi, mguu umefunikwa kwa leso. "Ni mbichi," akasema. "Alileta mbichi."

"Basi nitamwambia. Hatuwezi kaa ndani ya zizi."

Usiku huo Aloys alikaa macho akimtazama mkewe aliyelala. Alikuwa amemdanganya mara nyingi katika maisha yao, uongo wa madereva, lakini huu ulikuwa na uzito wa aina nyingine. Alikuwa na homa. Chumba kilionekana kidogo kuliko jana.

Kamanthe hakuwa mtu wa kuahirisha. Kesho yake alikutana na Mustaf pale chini akamweleza, kwa adabu, kwamba samadi yake inawatoa nyumbani. Mustaf aliudhika. Akapanda palepale, Kamanthe nyuma yake na kikapu chake, akapita moja kwa moja mpaka roshani. Aliinama kwenye ndoo ya kwanza, akachukua samadi kwenye kiganja, akainusa. Akaenda ya pili. Kisha akarudi sebuleni akipangusa mikono, akasimama, akavuta pumzi, na uso wake ukabadilika.

Mtu aliyeishi na mifugo anaijua harufu ya kwato iliyooza.

"Mzee Aloys," alisema taratibu, "toa soksi."

"Nini?"

"Toa soksi tuone."

"Mustaf, hii ni nyumba yangu. Enda."

Mustaf hakuenda. Alivuta kigoda akakaa. Ni Kamanthe aliyekuja, akapiga magoti, akaiondoa ile leso. Aloys aliushika mkono wake. Alikuwa bado na nguvu mikononi, lakini Kamanthe alimtazama tu mpaka akaachia. Akavuta soksi. Kitambaa kilikuwa kimegandamana na nyama.

"Aiya, mwaitu," alisema, kwa sauti ndogo kama anaongea na mamaye kweli. "Mulungu wangu."

Hakupiga kelele. Alikaa pale sakafuni akitazama vile vidole viwili vyeusi. Kisha akainuka akaingia jikoni, akatoka na panga dogo la kukatia miwa, akaenda roshani. Walimsikia akiufyeka mlimau. Tawi la kwanza, la pili.

"Mama Wavinya!" Aloys aliita. "Wacha! Mti haijakosa. Ni mimi nilitoa kiatu."

"Ulitoa kiatu kwa nini?"

Aloys alifungua mdomo. Jambo lenyewe, likiwekwa kwa maneno, lilikuwa la kitoto. "Nilitaka kukanyaga chini," akasema.

Kamanthe alirudi, panga mkononi, majani yamemshika nywele. "Chini? Chini iko huko," akanyoosha panga kuelekea mlangoni. "Iko huko siku zote. Ni wewe umeikataa."

"Siwezi hizo ngazi."

"Unafikiria ni wewe peke yako umefungwa huku juu? Dada yangu alikufa Kithimani, nikaenda mazishi asubuhi nikarudi jioni, sikulala hata kwa matanga, sababu nani atakupikia, nani atakushikilia ukienda bafu. Wenzangu waliniuliza, Kamanthe, wewe umeolewa ama umewekwa jela? Nikawaambia bwanangu ni mgonjwa. Nikakutetea. Na wewe unaniambia ni mbolea." Sauti ilimkatika. "Nimelala na hiyo harufu kwa pua nikilaumu mbuzi."

Aloys aliiokota soksi sakafuni.

"Mimi nashuka," Kamanthe akasema. Aliweka panga mezani, akachukua leso yake, akajifunga. "Ukitaka kuozea hapa, oza. Lakini mimi sitakuwa hapa kukuangalia."

Mlango ukafungwa. Walisikia ndara zake zikishuka, zikififia, mpaka zikamezwa na kelele za barabarani.

Mustaf hakumsihi Aloys. Aliiweka kofia yake magotini akasema, "Kule chini kwa gari niko na Yahye na Kimeu. Hao ndio wananipakilia mbuzi. Tangu waanze kazi hawajaangusha hata moja."

"Kwa hivyo mimi ni mbuzi."

"Mbuzi hawezi kuongea, mzee. Wewe unaweza kuwaambia polepole."

Aloys alicheka, na kicheko kikamgeukia njiani kikawa kitu kingine. Akaufunika uso kwa mikono yake mikubwa. Hakuwa amelia mbele ya mtu tangu alipokatwa mguu. Aliona wazi kwamba pande zote mbili ni shimo: akibaki, sumu itapanda mpaka imfikie moyoni, akienda, ni lile giza na ile milango. Na nyumba imeshakuwa tupu. Hakuna aliyebaki wa kumwambia chai imepoa.

"Waite," alisema hatimaye. "Lakini nifunikeni blanketi. Hata uso."

Mustaf alitikisa kichwa. "Anayefunikwa uso ni maiti. Wewe uko hai, utatoka na uso yako."

Yahye na Kimeu walipanda, vijana wa mabega mapana wanaonuka zizi. Hawakuleta kiti. Yahye alichuchumaa akageuza mgongo, na Aloys, aliyezoea kuwazidi watu wote urefu, akajibandika mgongoni pake kama mtoto, mikono shingoni, na Kimeu akatangulia akishuka kinyumenyume, viganja vimeinuliwa. Mustaf akaja nyuma na magongo.

Giza likawameza. Aloys alifumba macho, akaona kufumba ni vibaya zaidi, akayafumbua. "Polepole," akasema. Yahye akaenda polepole. Kwenye kona ya ghorofa ya tatu kuna jirani aliyetoka na sufuria mkononi akasimama wampishe, na Aloys akahisi ile fedheha ya zamani ikimpanda, na kibofu kikimbana. "Simama," alinong'ona. "Simama kidogo." Yahye akasimama. Hakuuliza kwa nini. Walibaki hivyo, watu wanne wamebanana ukutani, mmoja anahema kwa uzito, mmoja anahema kwa hofu, mpaka ikapungua.

"Habari yako, mzee," yule jirani akasema. "Siku mingi."

"Nzuri," akajibu Aloys, kichwa chake kikiwa juu ya bega la mtu mwingine. "Ni mguu inasumbua."

Ghorofa ya pili Hafso alikuwa amesimama mlangoni na shuka safi ya kumtandikia garini. Alimpa pole, akamkabidhi mumewe shuka, akainamisha macho. Halafu ngazi za mwisho, halafu mwanga mkali uliomfanya atoe machozi, na vumbi, na kelele, na boda boda moja iliyopita karibu kumkwaruza Kimeu.

Kamanthe alikuwa amekaa kwenye ukingo wa barabara kando ya duka la simu, kikapu miguuni. Hakuwa ameenda popote. Alipowaona aliinuka, akaja, akafungua mlango wa pikapu ya Mustaf. Alipanda akakaa kando ya mumewe, na njia nzima hadi hospitali aliushika ule mguu mbovu juu ya mapaja yake, ili usigongwegongwe, uso ameuelekeza dirishani.

Walimkata vidole viwili. Daktari, mwanamke mchovu mwenye sauti ya upole, alisema siku chache zaidi wangekuwa wakizungumza habari ya mguu mzima, na pengine si mguu tu. Alilazwa muda mrefu, kwa sababu kidonda cha mwenye sukari kina kiburi. Kamanthe alikuja kila siku na uji. Maneno yalirudi kati yao polepole, kwanza ya dawa, kisha ya sokoni, kisha ya Wavinya. Habari ya miti hakuna aliyeigusa.

Aloys ndiye aliyeuliza, siku ya kuruhusiwa.

"Sikumwagilia," Kamanthe alisema. Alikuwa akikunja nguo zake. "Ningeweza. Maji ilikuwa. Kila nikifika naiangalia, halafu nafunga mlango ya balkoni. Nilikuwa na hasira nayo."

"Yote imekufa?"

"Sijui. Utaona mwenyewe."

Alibebwa kupanda, na kupanda kulikuwa kubaya kama kushuka; hakuna kilichokuwa chepesi kwa kuwa alishafanya mara moja. Mlango wa roshani ulipofunguliwa aliona mifupa. Michungwa ilikuwa imekauka kabisa, mlimau wa Wavinya umebaki shina na makovu ya panga, mpera umebaki na majani kwenye ncha moja, mparachichi umeinama. Mkomamanga ulikuwa hai, mti wa nchi kavu ule. Alikaa kizingitini, mguu umefungwa bendeji nene kama mtoto mchanga kwenye nguo, akaikwaruza miti kwa kucha, mmoja baada ya mwingine, kutafuta kijani chini ya gome. Kamanthe alisimama nyuma yake akingoja agombezwe. Aloys hakumgombeza. Alisema ndoo tatu zitolewe, udongo wake apewe yeyote anayetaka, ili pawe na nafasi ya kupita mtu amesimama.

Sasa anashuka mara mbili kwa wiki kwenda kusafishwa kidonda. Yahye akiwa safarini, Kimeu hutafuta mwenzake, na huyo mwenzake hana mgongo mzuri kama wa Yahye. Kila mara, asubuhi ya siku hiyo, Aloys hawezi kumeza chai. Kila mara kwenye ile kona ya ghorofa ya tatu huomba wasimame. Mguu wa bandia ameshapimiwa, lakini wamemwambia si kabla kidonda hakijapona, na kidonda hakina haraka. Siku zilizobaki, ambazo ni nyingi, yuko kulekule juu, na sebule ni ileile, na magari yanaitisha abiria bila yeye.

Mwezi uliopita ilikuwa aende Kamanthe Kithimani, kwa watoto wa marehemu dada yake, walipokuwa wakijengea kaburi. Hakuomba. Alitaja tu, akiosha vyombo, kwamba wenzake wanaenda.

"Enda," Aloys alisema.

Aligeuka. "Na wewe?"

"Hafso ataleta chakula. Bafu nitajishikilia ukuta. Enda ulale huko."

Alienda siku ya Ijumaa, akiahidi kurudi Jumapili. Aloys alisota mpaka kwenye vyuma vya roshani akamwona akitoka getini na mfuko wake, akitembea haraka kama msichana, akipinda kwenye kona bila kutazama juu. Siku hizo zilikuwa ndefu. Aliogopa kwenda msalani, akaenda. Aliangusha sufuria, akaiacha ilipoangukia. Usiku alisikia kila mlango wa jengo ukifungwa, ghorofa baada ya ghorofa.

Jumapili jioni simu ililia.

"Baba Wavinya," alisema Kamanthe. Nyuma yake kulikuwa na vicheko, watoto, na mtu anayeita kuku. "Wanataka nikae kidogo. Mpaka Jumatano. Wanasema sijawahi kukaa."

Aloys aliuangalia mlango. Alikuwa ameshatandika kitanda, kwa shida, kwa ajili yake.

"Uko?" Kamanthe aliuliza.

"Niko," alisema. "Kaa. Kaa mpaka hiyo Jumatano."

Kisha Kamanthe akamwambia maharagwe yako kwenye debe la chini, akamwuliza kama ameyaona, na Aloys akasema ngoja, ngoja niende nitazame, akayavuta magongo, akaelekea jikoni na simu ikiwa imebanwa begani.